Kigingi Ambacho Shemeji Hakukisogeza

Barabara yetu ilipoanza kutengenezwa, kila mtu alikuwa na la kusema isipokuwa shemeji yangu. Mimi nilisema mengi, maana kinyozi asiyesema ni mashine tu, na mashine ninazo mbili tayari. Shemeji alisema "sawa." Akaambiwa mtaro utachimbwa mbele ya mlango wake, sawa. Akaambiwa zitawekwa taa, na miti, na viti vya watu kupumzikia, sawa. Akaambiwa baraza lake huenda likavunjwa.

"Sawa," akasema, akakata uzi kwa meno.

Wapwa zangu wa ndugu wengine mnaosoma haya, baadhi yenu mko mbali na hamkumjua alipokuwa mtu wa kuchekacheka, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Mkichoka mniambie, ingawa sitanyamaza.

Mtaani anaitwa Zipu. Ndiyo kazi yake. Begi la mwanafunzi likikataa kufunga, koti likipoteza meno, sanduku la safari likipasuka ubavuni na mwenyewe kashachelewa, wote wanakuja kwake. Hana duka. Ana cherehani nyeusi ya miguu, koleo ndogo, kipande cha mshumaa cha kupaka zipu ngumu, na kopo la maziwa lililojaa vichwa vya zipu vya kila namna, vya shaba, vya plastiki, vya rangi ambazo hazitengenezwi tena. Anatumbukiza mkono koponi bila kutazama na kutoa kile kile kinachotakiwa. Niliwahi kulikoroga kopo makusudi ili apotee. Hakupotea, maana lilikuwa limekorogeka tangu anaanza kazi.

Ndivyo alivyompata dada yangu. Dada alimpelekea mkoba, ukashonwa. Haukupita muda, mkoba ule ule, zipu ile ile. Aliporudi tena mama yetu akauliza huo mkoba unabeba nini, mawe? Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu nilimkuta dada nyuma ya nyumba anaing'oa zipu kwa meno. Sikumsema. Alininunulia soda kwa muda mrefu ili nisimseme, na nilikunywa kwa uaminifu.

Walipooana nikawajengea baraza. Wekeni hilo akilini: nililijenga mimi, peke yangu, na sikuwahi kushika mwiko wa uashi kabla yake wala baada yake. Tofali, zege, lipu, na juu sakafu nyekundu ya kung'arishwa. Liliinama kidogo upande wa kushoto, kiasi kwamba kikombe cha chai ukikiweka vibaya kinaanza safari. Kuna waashi wamenicheka kwa hilo. Nyumba za hao waashi zina nyufa ambazo mjusi anapita amebeba mizigo. Baraza langu halikuwa na ufa.

Shemeji alikaa kulia na cherehani yake. Dada alikaa kushoto, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa kazi. Anapokea begi, analigeuza, anamwambia mwenyewe, "Hili ulilifunga kwa goti, usinidanganye." Anasema lini lije kuchukuliwa. Anauliza mgonjwa wa nyumbani anaendeleaje. Shemeji kazi yake kushona na kucheka chini chini. Kuna watu walileta zipu nzima kabisa ili wapate sababu ya kusimama pale.

Mwaka jana dada akaugua, akalazwa, akafa. Sijui namna ya kulirefusha hilo, na mimi huwa najua kurefusha.

Msibani Shemeji alipanga viti. Aliuliza kama wageni wamepata maji, akamshikia mwavuli bibi mmoja aliyekuwa hata hamjui. Watu wakasema amejikaza. Hakuwa amejikaza. Kazi yangu ni kutazama vichwa vya watu kwa karibu, na nilimtazama: mtu anayejikaza, shingo inaonyesha. Shingo yake ilikuwa imelegea kabisa. Hapakuwa na kitu alichokuwa anakizuia.

Na baada ya hapo ikawa hivyo hivyo. Asubuhi anatoa cherehani, anakaa kulia. Kushoto hakai mtu. Hakuna aliyekataza. Mteja anakuja, anasimama, anaweka begi juu ya meza ya cherehani, anaonyesha kwa kidole palipoharibika. Shemeji anatengeneza. Anarudisha. Chai yake inafanya utando, vumbi linatua juu ya utando, naye anainywa ikiwa hivyo.

Binti yao anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Anatoka mapema, anarudi mchana na unga umemkaa kwenye nyusi.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

Anafunua sufuria: chakula kiko kama alivyokiacha, hata mwiko haujahama. Hagombi. Anapasha moto, anapakua, anakaa mbele ya baba yake mpaka amalize. Baba anakula kama mtu anayejaza dumu.

Mimi nilimletea utani, maana ndiyo dawa niliyonayo. Nikamwambia nataka kuoa wake wawili kwa mpigo, mimi ambaye hata mmoja alinikimbia akaniachia pazia tu. Zamani angecheka mpaka sindano ipotee njia. Aliniambia sawa.

Ndipo manispaa ikaja na barabara yake.

Ni kweli ilihitaji kutengenezwa. Inatoka stendi hadi hospitali, na mvua ikinyesha mgonjwa anafika hospitali na ugonjwa mwingine wa njiani. Kila mwenye nyumba alikuwa amejenga mbele anavyotaka: huyu ngazi, huyu kibaraza, huyu kaweka sakafu ya kuanikia bidhaa, mpaka mtu wa miguu anatembea barabarani na magari yanampigia honi kama yeye ndiye mkosaji. Sasa mpango ukawa njia ya waenda kwa miguu, imepangwa vitofali vya zege, imenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na miti pembeni. Wangeanza upande wa Shemeji. Upande wangu ungefuata baadaye, kwa hiyo nilitulia kwenye saluni yangu nikatazama kama mtu aliyelipia tiketi.

Nyapara alikuja na mafundi wake wakapigilia vigingi, kimoja kwenye udongo kando ya kila mlango, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. Kamba ingefungwa siku ya kupanga vitofali, si kabla, kwa sababu kamba ikiachwa inaibwa. Akatangaza sheria: chochote kilichovuka kigingi kuja barabarani kinaondoka, na kinaondoka chote, si kipande. Baraza lililokatwa nusu, akasema, ni kama kichwa kilichonyolewa nusu. Mfano huo aliuiba kwangu wakati namnyoa.

Kisha vigingi vikakaa vikisubiri lori la vitofali. Hapo ndipo mtaa wetu ulipoonyesha kipaji chake.

Aliyeanza ni Mama Dawa, mwenye duka la dawa. Kigingi kilikuwa kinakula ngazi zake za vigae. Nikamwona ametoka, akadondosha funguo karibu na kigingi, akainama kuokota. Alichukua muda mrefu kuokota funguo zile. Aliposimama, kigingi kilikuwa kimesogea viganja viwili kuelekea barabarani na ngazi zake zimepona. Akafuta mikono, akaingia ndani kwa heshima zake.

Mchana Mzee wa Vioo, anayeuza vioo na fremu, akapita mbele ya mlango wake amekumbatia kioo kikubwa, akasimama kama anapumzika. Kwa mbele ulikuwa unaona barabara tu inakutazama. Kwa nyuma mguu wake ulikuwa unafanya kazi. Viganja viwili. Muuza magodoro akaegemeza godoro. Viganja viwili. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na Mama Dawa kwa kunong'onezwa, na kila mmoja aliapishwa kwamba siri hiyo ni ya watu wawili tu. Wote wakawa wanapita mbele ya wenzao na nyuso za waumini, kila mtu akidhani wezi mtaani ni yeye na Mama Dawa tu.

Nikavuka barabara kwa Shemeji.

"Shemeji."

"Naam."

"Umewaona wenzako?"

"Nimewaona."

"Kigingi chako kimesimama kama askari mgeni. Kisogeze."

"Kimekaa vizuri."

"Kimekaa vizuri ubavuni mwa baraza, nyuma ya ukingo wake. Lori likifika, hili baraza linakwenda."

"Sawa."

"Basi nikisogeze mimi. Wewe tazama pembeni, usiwe na dhambi."

"Kiache, Shemeji."

"Baraza nililolijenga kwa mkono wangu?"

"Najua nani alilijenga," akasema. Kikombe chake kilikuwa kimeanza kuteleza kuelekea kushoto. Akakidaka bila kutazama, akakirudisha.

Jioni ile binti yake akaja saluni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kama anamtazama mtu mwingine.

"Mjomba, ongea na Baba."

"Nimeongea. Ni kama kuongea na pasi, tena ya mkaa iliyopoa."

"Wakilivunja atakaa wapi?"

"Ndani."

"Akiingia ndani hatoki tena, Mjomba. Unamjua. Saa hizi angalau anatoka, anakaa, watu wanapita mbele yake. Pale ndipo Mama alipokuwa. Wakimwondolea pale atakuwa amebaki na nini?"

Nikachukua ufagio, nikafagia nywele nilizokuwa nimeshazifagia.

"Kesho anakwenda kununua nyuzi," akasema. "Kisogeze wewe."

Nikamwambia hilo ni dogo, nimewahi kusogeza mambo makubwa zaidi.

Kesho yake Shemeji alipokata kona, nikavuka na kitambaa changu cha kunyolea begani, nikainama kama nafunga kamba za viatu, ingawa nilivaa ndala. Nikakishika kigingi. Hakikutikisika. Nikakishika kwa mikono miwili. Hapo nikaona: mtu alikuwa amekishindilia mawe pande zote, mawe madogo yaliyochaguliwa, moja moja, yakagongwa mpaka yakakaza. Si kazi ya nyapara. Nyapara alipiga nyundo akaenda zake. Wengine wote walikuwa wamelegeza vigingi vyao, na Shemeji alikuwa amekikaza cha kwake kisiende popote.

Nikainuka. Nikamwambia binti kwamba mgongo ulinikamata. 

Lori likaja. Vitofali vikashushwa, vumbi likapanda mpaka kwenye vipaza sauti vya redio yangu, na mashine ya kushindilia ikaanza kutetemesha madirisha. Nyapara akafunga kamba upande wa stendi, akaivuta kuelekea hospitali, kigingi kwa kigingi. Ilinyooka vizuri ajabu. Wote walikuwa wameiba sawasawa, mnaona, viganja viwili kila mlango, na wizi uliolingana namna hiyo hauonekani. Angepima kutoka katikati ya barabara angejua, lakini vibarua walikuwa wamesimama na majembe yao, na dereva wa lori alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu mwenye safari nyingine.

Mlango mmoja tu ulikataa. Kamba ilipita mbele yake, na kigingi kikabaki viganja viwili nyuma ya kamba, peke yake.

Nyapara akasimama. "Mzee, nani amesogeza hiki?"

Watu wote walikuwa wametoka milangoni. Mama Dawa alikuwa anahesabu vidonge kwenye kiganja kisichokuwa na vidonge. Mzee wa Vioo alikuwa anafuta fremu tupu, na kitambaa kinatokea upande wa pili. Shemeji angesema neno moja la kweli, kwamba hicho hakijasogezwa, ni vingine vyote ndivyo vimesogezwa, na mtaa mzima ungepoteza ngazi zake kabla ya chakula cha mchana.

"Mimi," Shemeji akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Umekirudisha ndani?"

"Ndiyo."

Nyapara akavua kofia, akajikuna. "Tangu nianze kazi hii watu wananisogezea vigingi kwenda nje. Wewe unajiibia mwenyewe?"

Vibarua wakacheka.

"Nilitaka livunjwe," Shemeji akasema.

Vicheko vikaisha. Mimi nilikuwa nimemwacha mteja na povu shavuni, nimeshavuka nusu ya barabara.

"Baba yangu," nyapara akasema, sauti imeshuka, "ukitaka livunjwe unasema. Huchezi na kigingi. Sasa mimi nanyoosha mstari wangu, na baraza lako linabaki nyuma yake salama. Hakuna anayekulazimisha. Ukisema nivunje, navunja. Ukisema niache, naacha. Lakini useme sasa, maana lori linasubiri."

Akachokoa yale mawe kwa ncha ya sururu, akang'oa kigingi, akakipigilia mbele, kwenye kamba. Baraza likapona. Sasa halikuwa tena jambo la manispaa.

Shemeji alibaki amesimama na koleo mkononi. Binti yake alikuwa amefika kutoka kazini, mkate kwapani.

"Baba, sema liachwe."

Shemeji akalitazama baraza kama anavyotazama begi lililoletwa na mtu asiyemjua, anatafuta palipoharibika.

Nikaona nisaidie. "Shemeji, dada yangu alikaa hapo tangu ulipomwoa."

"Alikuwa hapapendi."

"Nini?"

"Kukaa hapo. Kiuno kilikuwa kinamuuma. Kila jioni nilikuwa namkanda. Limeinama."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Ungeongeza zege."

Kibarua mmoja akashindwa kujizuia. Binti naye kikamtoka kicheko, akakirudisha kwa kiganja. Shemeji hakucheka. Alikuwa anasema tu ilivyokuwa.

"Natoka kila siku nakaa hapa," akamwambia binti yake. "Nakaa ili niwe naye. Sipati kitu. Silii, sikumbuki sura yake vizuri, naona tu pale pako wazi. Nikasema hawa wakija kuvunja, watakuwa wamevunja wao."

"Na sasa wanakuuliza wewe," binti akasema.

"Ndiyo."

Dereva wa lori akapiga honi fupi. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa na la kusema, kwamba lile ni jasho langu, kwamba ndicho kitu pekee nilichowahi kumpa dada ambacho hakikuisha. Nililiweka tayari kinywani. Nikamtazama shingo. Ilikuwa imekaza. Mishipa miwili imesimama kama kamba ya nyapara. Nikalimeza neno langu.

Binti akahamisha mkate kwapa la pili. "Vunja basi, Baba. Lakini ukae mlangoni. Usikae chumbani."

"Mlangoni," Shemeji akasema. Kisha akamgeukia nyapara. "Vunja."

Sasa hapa mniruhusu. Halikuvunjika kirahisi. Kibarua wa kwanza alipiga nyundo mpaka akavua shati. Wa pili akapokea. Wa tatu akauliza nani alichanganya hii zege, na nikainua mkono. Ngazi za Mama Dawa zingepigwa hivyo zingekuwa unga. Lilisimama, likasimama, kisha upande wa kushoto ukaachia kwanza, ule ulioinama, na kulia ukafuata. Wakazoa kwa toroli. Sakafu nyekundu ilitoka kwa mapande makubwa, na upande wa juu bado ilikuwa inang'aa.

Shemeji alikuwa ameshaingiza cherehani mlangoni. Nyundo zikilia, yeye alikuwa anabadilisha zipu ya sanduku la mtu. Hakuinua kichwa. Mshono ulitoka umenyooka. Niliukagua baadaye kwa makusudi.

Mama Dawa akamletea soda ya baridi, akaiweka kwenye kizingiti.

"Asante, jirani," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya nini?" Shemeji akauliza. Hakuwa anamtania. Alikuwa hajui.

Leo barabara imekwisha upande ule. Vitofali vimejipanga, miti imechomekwa kwenye mashimo yake na uzio mdogo, imelegea kama wanafunzi wageni. Kuna kiti cha mbao cha manispaa karibu na duka la magodoro, na wazee wameshakigawana kwa zamu. Mgonjwa anatembea kutoka stendi hadi hospitali miguu mikavu. Ni pazuri. Nasema hivyo na mimi sikupewa hata kitofali kimoja.

Shemeji anakaa mlangoni, kama alivyoahidi. Kwa kuwa meza ya cherehani sasa iko ndani, na nje hakuna pa kuweka begi, inabidi anyanyuke alipokee mkononi, na kwa kuwa kalipokea inabidi aulize. "Imekwama wapi?" Ndiyo hayo tu. Sijamsikia akiuliza mgonjwa wa nyumbani. Binti yake bado anafunua sufuria, na siku nyingi bado chakula kimekaa. Siku nyingine kimeguswa. Sitawadanganya kwamba amerudi. Amehamia mlangoni tu.

Lakini kiti changu cha kunyolea kinatazama kwake moja kwa moja, na niliona jambo. Siku za mwanzo, akitoka kwenda kununua nyuzi, alikuwa haendi moja kwa moja kutoka mlangoni. Anatoka, anapinda kulia, anazunguka, kisha ndipo anashika njia. Alikuwa analizunguka baraza. Halipo, vitofali ni tambarare, watoto wanapita pale wanakimbia, na yeye anazunguka pembe yake kama lilivyokuwa, na akirudi vile vile. Sikumtania kwa hilo. Siku moja akatoka na kipande cha zipu ndefu shingoni kama tai, akapita katikati. Hakusimama, hakuangalia chini. Akaenda.

Mteja wangu akauliza mbona nimeacha kunyoa, nikamwambia mashine imepata moto.

Mimi nikienda kwake bado nazunguka.